Mizani Imegoma, Kiuno Kinapungua: Je, Misuli Inaweza Kujengeka Huku Mafuta Yakipungua?

Swali: Nina umri wa miaka 41, uzito wa kilo 78 na urefu wa sentimita 162. Nilianza mazoezi ya vyuma miezi mitatu iliyopita, mara mbili kwa wiki, na kila siku natembea kwenye mashine ya kukimbilia kwa dakika 50 kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Usiku nakula matunda tu. Katika wiki saba zilizopita kiuno kimeshuka kutoka sentimita 98 hadi 94, lakini mizani haijasogea. Mwalimu wangu wa mazoezi anasema haiwezekani kujenga misuli na kupunguza mafuta kwa pamoja, hivyo niache vyuma hadi nifike kilo 65, kisha ndipo nianze kujenga. Je, ni kweli?

Jibu: Usiache vyuma, dada yangu. Nimelitanguliza jibu hili kwa makusudi, kwa sababu katika yote uliyoniandikia, ushauri wa kuviweka kando ndio unaoweza kukurudisha nyuma zaidi kuliko kitu kingine chochote. Mwili wa mtu aliye katika hali yako unaweza kujenga misuli na kupunguza mafuta katika wiki zilezile, na kwa kadiri maelezo yako yanavyoonyesha, mwili wako umekwisha kuanza kufanya hivyo. Si rahisi kiuno kipungue sentimita nne huku uzito ukibaki palepale, isipokuwa kuna kitu kilichotoka na kingine kilichoingia mahali pake.

Hoja ya mwalimu wako si ya kupuuzwa, maana ina mantiki inayoeleweka. Kupunguza mafuta kunadai mtu ale nishati pungufu kuliko anayoitumia, na kujenga misuli kunadai nishati. Basi mtu atawezaje kupungukiwa na kujenga kwa wakati mmoja? Kasoro ya hoja hii ni kudhani kwamba nishati ya kujengea misuli lazima itoke kwenye chakula cha siku hiyo. Tukikadiria kwamba kati ya kilo zako 78, kilo 25 ni mafuta, na tukichukua kwamba kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takribani kilokalori 7,700, basi unatembea na akiba inayokaribia kilokalori 190,000. Chakula kinapopungua kidogo, chembe za mafuta huachilia asidi zake za mafuta kwenye damu, nazo huchomwa katika viungo mbalimbali, misuli ikiwemo. Mafuta hayo hayageuki kuwa misuli, na hayawezi kugeuka, kwa kuwa protini inahitaji nitrojeni ambayo mafuta hayana. Kazi yake ni kugharimia shughuli za mwili, zikiwemo za ujenzi, ili protini unayokula ibaki kufanya kazi ya protini.

Kwa hiyo swali si kama nishati ipo, bali ni kama misuli imepata sababu ya kukua na malighafi ya kukulia. Protini za misuli hubomolewa na kujengwa upya usiku na mchana kwa kila mtu, hata kwa yule asiyefanya mazoezi yoyote. Msuli hukua pale ujenzi wa siku nzima unapozidi ubomoaji wa siku nzima, tena kwa muda mrefu. Mlo wenye protini ya kutosha huongeza ujenzi huo kwa saa chache, na zoezi zito huufanya msuli uliofanyishwa kazi uipokee protini kwa nguvu zaidi kwa muda wa siku moja hadi mbili. Ni kweli kwamba kula pungufu hupunguza kasi ya ujenzi, lakini kupunguza kasi si kuisimamisha, na zoezi lenye mkazo wa kutosha pamoja na protini nyingi hufidia sehemu kubwa ya pengo hilo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, nchini Kanada, walichapisha matokeo ya vijana 40 wa kiume wenye uzito uliozidi, ambao kwa wiki nne walipunguziwa nishati kwa takribani asilimia 40 huku wakifanya mazoezi makali siku sita kwa wiki. Nusu yao walikula gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wao kwa siku, na nusu nyingine gramu 2.4. Kundi la kwanza lilipoteza wastani wa kilo 3.5 za mafuta na tishu isiyo ya mafuta, yaani misuli, maji na kila kingine kisicho mafuta, ikabaki karibu vilevile. Kundi la pili lilipoteza kilo 4.8 za mafuta na likaongeza kilo 1.2 za tishu isiyo ya mafuta. Sikuelezi haya ili uyaige, kwa sababu walikuwa vijana, walipewa chakula kilichopimwa na walisimamiwa kila siku. Nayaeleza kwa sababu yanaonyesha kwamba hata katika upungufu mkubwa kuliko ninaokushauri wewe, mambo haya mawili yaliweza kwenda pamoja.

Kanuni ya mwalimu wako, ya kujenga kwanza au kupunguza kwanza, imetoka kwa watunisha misuli wa mashindano, na kwao ina ukweli mwingi. Mtu aliyenyanyua vyuma kwa miaka kumi amekwisha kuvuna sehemu kubwa ya ukuaji ambao mwili wake unaweza kumpa, na akiwa pia na mafuta kidogo sana, mwili huilinda akiba hiyo kwa ukali. Akipunguza chakula anakuwa na bahati akibaki na misuli aliyokuwa nayo. Wewe uko upande mwingine kabisa. Una miezi mitatu tu ya mazoezi, akiba ya kutosha, na misuli ambayo bado inauona kila mzigo kuwa mgeni. Wanaofaidika zaidi ni hao hasa: wanaoanza, wanaorudi baada ya kuacha kwa muda mrefu, na wenye mafuta mengi ya kupunguza. Wala umri wa miaka 41 usikutishe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990 nchini Marekani, wazee dhaifu wa makao ya kutunzia wazee, wenye umri wa karibu miaka 90, walinyanyua mizigo kwa wiki nane, na misuli ya mapaja yao ikaongezeka kwa takribani asilimia 9.

Sasa tuje kwenye marekebisho, kwa sababu mpango wako una mambo matatu yanayokuchelewesha.

La kwanza ni mlo wa usiku. Matunda ni chakula kizuri, lakini hayana protini ya kutajika, na ukila matunda tu jioni, kuanzia mlo wa mchana hadi kifungua kinywa cha kesho yake misuli yako inakaa saa nyingi na ubomoaji unaozidi ujenzi. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti 49, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba faida ya protini kwa wanaonyanyua vyuma huendelea kupanda hadi kufikia takribani gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na baada ya hapo ongezeko huwa dogo. Tafiti nyingi kati ya hizo zilihusu watu ambao hawakuwa wanapunguza chakula, hivyo anayepunguza ana sababu ya kutokwenda chini ya kiwango hicho. Kwa mtu mwenye uzito uliozidi si lazima kuhesabu kwa kila kilo ya mafuta aliyonayo; kwako, kati ya gramu 105 na 125 kwa siku zinatosha, zikigawanywa katika milo mitatu au minne.

Kiasi hicho kinaonekana kikubwa hadi ukipange kwenye sahani. Yai moja la kawaida lina takribani gramu 6 za protini, na glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8. Mayai matatu na glasi hiyo asubuhi ni gramu 26. Samaki aliyepikwa, kipande cha gramu 120, ana protini kati ya gramu 25 na 30, na kikombe cha maharage yaliyoiva kina takribani gramu 15, kwa hiyo mchana unafika gramu 40 bila shida. Jioni, gramu 120 za kuku asiye na ngozi zinakaribia gramu 35 za protini, na mtindi kidogo kati ya milo unakamilisha hesabu. Asiyekula nyama anaweza kufika pia kwa kunde za aina zote, soya, mayai na maziwa, ingawa itambidi apange kwa makini zaidi. Hayo matunda yako ya usiku yabaki, lakini yafuate mlo badala ya kuwa ndiyo mlo wenyewe.

Kuhusu ukubwa wa upungufu wenyewe, nakusihi usiwe na haraka. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha wanaonyanyua vyuma wakiwa wamepunguza chakula na wasiopunguza, ulikadiria kwamba upungufu wa karibu kilokalori 500 kwa siku unatosha kuzuia ongezeko la tishu isiyo ya mafuta, ingawa nguvu zenyewe ziliendelea kupanda. Hilo ni kadirio la wastani, na wapo wanaolivuka, lakini mwelekeo wake ni wa kuzingatia: kadiri unavyojinyima zaidi, ndivyo nafasi ya kujenga inavyopungua. Ningekushauri upungufu wa kilokalori 200 hadi 350. Huhitaji kupima kila punje ili kuufikia. Anza kwa kuondoa vinywaji vyenye sukari, kupunguza mafuta ya kupikia kwa kijiko kimoja au viwili vya chakula (kijiko kimoja kina kilokalori 120 hivi), na kupunguza kidogo kiasi cha wanga katika mlo mmoja, hasa siku usizonyanyua. Ukiona unapungua zaidi ya nusu kilo kwa wiki kwa wiki kadhaa mfululizo, ongeza chakula.

La pili ni mazoezi yenyewe, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza juhudi zao. Unatembea dakika 50 kisha unakwenda kwenye vyuma ukiwa umechoka. Geuza mpangilio: siku za vyuma anza na vyuma, kisha utembee dakika 20 au 30 kwa mwendo wa kawaida, kutembea kwa muda mrefu kuache kwa siku nyingine. Kutembea hakuui misuli, kama wengine wanavyodai, na moyo wako unakuhitaji uendelee nako. Tatizo ni kwamba miguu iliyokwisha kuchoka haiwezi kubeba mzigo unaoishurutisha kukua. Ongeza pia siku ya tatu ya vyuma, na kila siku fanyisha kazi mwili mzima kwa mazoezi machache makubwa: kuchuchumaa ukiwa na mzigo, kuinua mzigo kutoka sakafuni mgongo ukiwa umenyooka, kusukuma mzigo kutoka kifuani, kuvuta mzigo kuelekea kifuani, na kusukuma juu ya kichwa. Seti tatu za kila zoezi (seti moja ni marudio kadhaa yanayofuatana kabla ya kupumzika), mara tatu kwa wiki, zinatosha kabisa kwa anayeanza.

Uzito gani ubebe? Tafiti zinaonyesha kwamba misuli hukua kwa mizigo mizito na hata kwa mizigo ya wastani au myepesi, mradi seti iendelee hadi karibu na mahali misuli inaposhindwa. Kwa urahisi, chagua mzigo unaoweza kuunyanyua kati ya mara 8 na 12. Zitazame seti zako kwa makini. Marudio manne ya kwanza yatapanda kwa wepesi unaofanana. Likifika la nane au la tisa, utaona mzigo unapanda polepole ingawa unausukuma kwa nguvu zako zote, na pumzi inakwama kidogo katikati ya njia. Hapo ndipo seti inapoanza kuwa na maana, na unaweza kuisimamisha ukiwa na rudio moja hadi matatu ambayo bado ungeyaweza bila kuharibu mkao. Ukimaliza marudio 12 huku la mwisho likipanda kwa wepesi uleule wa la kwanza, umefanya zoezi la viungo ambalo lina faida yake, lakini misuli haijapewa sababu ya kukua.

Andika kila kitu katika daftari: zoezi, kilo, marudio. Ukichuchumaa na kilo 20 kwa marudio 8, lenga 9 mara ijayo, kisha 10, na ukifika 12 katika seti zote ongeza kilo mbili au mbili na nusu uanze tena kwenye 8. Daftari hilo ni kipimo bora cha misuli kuliko kifaa chochote utakachouziwa. Wiki za kwanza nguvu hupanda kwa kiasi kikubwa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuamrisha misuli, lakini mizigo ikiendelea kupanda mwezi wa nne, wa tano na wa sita huku ukila pungufu kidogo, ni vigumu kuieleza hali hiyo bila kuitaja misuli iliyoongezeka.

La tatu ni hiyo mizani. Inapima kila kilicho juu yake, na sehemu kubwa ya kinachobadilika siku hadi siku ni maji. Kila gramu ya glikojeni, yaani wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini, huambatana na takribani gramu tatu za maji, na misuli iliyoanza mazoezi huhifadhi glikojeni zaidi. Mazoezi mapya husababisha uvimbe mdogo ndani ya misuli, nao hushika maji. Siku zinazotangulia hedhi wanawake wengi huongezeka kilo moja au zaidi bila kuongeza mafuta hata kidogo. Ndiyo maana mwanamke hulinganisha wiki ya kwanza ya mzunguko na wiki ya kwanza ya mzunguko unaofuata, si wiki hii na iliyopita. Tuchukue mfano wa hesabu: ukipoteza kilo 1.5 za mafuta katika wiki saba, ni upungufu wa takribani kilokalori 235 kwa siku, jambo la kawaida kabisa. Na ikiwa katika muda huohuo umeongeza misuli, glikojeni na maji vyenye jumla ya kilo 1.5, mizani haitasogea. Hicho ndicho ninachoamini kimekutokea. Zile mizani zinazodai kupima mafuta kwa kupitisha umeme hafifu miguuni nazo hubabaishwa na maji hayohayo, kwa hiyo usizitegemee kuamua jambo lolote.

Pima kiuno badala yake, na upime kwa namna moja kila mara. Asubuhi kabla ya kula, simama wima, tafuta kwa vidole ubavu wa chini kabisa na juu ya mfupa wa nyonga, na zungusha futi kamba katikati ya sehemu hizo mbili, ikiwa imelala sawa pande zote na haijabana ngozi. Toa pumzi kama kawaida bila kuvuta tumbo ndani, kisha soma. Rudia mara tatu uchukue wastani. Kwa mwanamke, Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari ya maradhi kuwa imeongezeka kuanzia sentimita 80 na kuwa kubwa inapozidi 88, kwa hiyo safari yako kutoka 98 hadi 94 ni ya maana kwa afya hata kama mizani haikuitambua. Hizo kilo 65 nakushauri uziweke kando. Huenda ukafurahia umbo lako na afya yako ukiwa na kilo 70 zenye misuli kuliko 65 zilizopatikana kwa njaa.

Usingizi nao una uzito ambao wengi hawaudhanii. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wa mwaka 2010, watu kumi wenye uzito uliozidi walipunguza chakula kwa siku 14 wakipewa saa 8.5 za kulala, na kwa siku nyingine 14 wakipewa saa 5.5. Uzito uliopotea ulikuwa karibu sawa, kilo tatu hivi. Lakini walipolala muda mrefu, kilo 1.4 kati ya hizo zilikuwa mafuta. Walipolala muda mfupi, mafuta yalikuwa kilo 0.6 tu, na kilichobaki kilitoka kwenye tishu isiyo ya mafuta. Chakula kilikuwa kilekile.

Kuhusu virutubisho vya kununua, nitakuwa mfupi. Unga wa protini ni chakula kilichorahisishwa tu, na huuhitaji ikiwa sahani inatosha. Kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ina ushahidi mzuri wa kusaidia nguvu na misuli, lakini huongeza maji mwilini na itaipandisha mizani, hivyo usiianze wiki utakayoanza kujipima upya. Vidonge vya kuchoma mafuta achana navyo.

Kabla ya kubadilisha chochote, muone daktari ikiwa una ugonjwa wa figo, maana kiasi cha protini nilichotaja huenda kisikufae. Au ikiwa una kisukari na unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, kwa sababu kula pungufu na mazoezi zaidi huweza kuishusha kupita kiasi. Au ikiwa shinikizo lako la damu halijadhibitiwa. Mjamzito na anayenyonyesha wasipunguze chakula bila ushauri wa mtaalamu. Na hedhi ikianza kuruka miezi baada ya kubana chakula, usiifurahie kama dalili ya bidii na usichukulie tu kuwa ni umri. Rudisha chakula na umuone daktari.

Endelea hivi kwa wiki 12, ukiangalia vitu viwili tu, kiuno na daftari. Vyote viwili vikienda vizuri, usiguse kitu, hata mizani ikisimama. Mizigo ikipanda lakini kiuno kisisogee kwa wiki nne, punguza kilokalori 100 hadi 150 au ongeza muda wa kutembea. Kiuno kikishuka huku mizigo nayo ikishuka kwa wiki mbili au tatu mfululizo, umebana mno au hulali vya kutosha. Anza kwa kurekebisha usingizi, kisha ongeza mlo, hasa siku za vyuma. Itafika siku, pengine baada ya mwaka au zaidi, ambapo kiuno kitakuwa kimefika unapotaka na mizigo itagoma kupanda kwa miezi. Hapo ndipo ushauri wa mwalimu wako wa kuchagua jambo moja kwa wakati utakapokufaa, na unaweza kumwambia hivyo.